Dolly Parton na Robo ya Wimbo

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, Dolly Parton ni wigi la rangi ya dhahabu na sauti nyembamba inayopanda juu bila kukatika. Kenya, hasa Bonde la Ufa na nyanda za kati, nyimbo zake zimepigwa redioni kwa miongo mingi pamoja na za Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams, na wapo wazee wanaoijua "Jolene" neno kwa neno. Wimbo wake mwingine, "I Will Always Love You", umepigwa kwenye harusi na sherehe zetu za kuagana kwa zaidi ya miaka 30, ila tunauita wimbo wa Whitney Houston. Nimefanya kazi ya mikataba ya muziki kwa muda mrefu, na nina msimamo ambao najua baadhi ya mashabiki wa kantri hawataupenda: jambo kubwa kuliko yote aliyofanya mama huyu halikufanyika jukwaani wala studio. Lilifanyika mwaka 1974, akiwa na miaka 28, alipokataa kugawana umiliki wa utunzi wake na watu wa Elvis Presley. Ukianzia hapo, maisha yake yaliyofuata yanaeleweka vizuri zaidi, na umaskini wa watunzi wetu wengi unaeleweka pia.

Tusimweke kwenye kundi la waliozaliwa na uwezo wa kukataa. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika wilaya ya Sevier, mashariki mwa Tennessee, kwenye milima ya Great Smoky, mtoto wa nne kati ya 12. Baba yake, Robert Lee Parton, alilima tumbaku na hakujua kusoma wala kuandika. Daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi. Babu mzaa mama alikuwa mhubiri wa Kipentekoste, na mama mwenyewe aliimba nyimbo za kale ambazo wahamiaji walizivusha bahari kutoka Visiwa vya Uingereza: hadithi ndefu za mapenzi, vifo na watoto waliopotea. Hapo ndipo Dolly alipojifunza kwamba wimbo ni kisa chenye mwanzo na mwisho. Akiwa na miaka 10 alikuwa akiimba kwenye kipindi cha redio na televisheni cha Cas Walker mjini Knoxville. Akiwa na miaka 13 alirekodi "Puppy Love" huko Louisiana, na akapanda jukwaa maarufu la kantri la Grand Ole Opry, Johnny Cash ndiye aliyemkaribisha. Mwaka 1964 alihitimu sekondari, na kesho yake akapanda basi kwenda Nashville.

Wasimulizi wengi huruka kilichofuata. Kazi ya kwanza iliyomlipa Dolly Nashville haikuwa kuimba. Ilikuwa kuwatungia wengine. Mwaka 1966 Bill Phillips aliuimba "Put It Off Until Tomorrow", wimbo ambao Dolly aliutunga na mjomba wake Bill Owens, ukafika kwenye kumi bora za kantri. Binti wa miaka 20, hana albamu hata moja, tayari anaona hela ikiingia kutokana na karatasi aliyoiandika, kwa sauti ya mtu mwingine. Muda si mrefu yeye na mjomba wakafungua kampuni yao ya kusimamia nyimbo zao, wakaiita Owe-Par, yaani Owens na Parton. Naomba msomaji ashike jina hilo. Mwimbaji Porter Wagoner alipomchukua kwenye kipindi chake cha televisheni mwaka 1967, alimkuta binti ambaye mezani hakwenda mikono mitupu.

Kipindi cha Porter kilimpa Marekani nzima. Mwanzoni watazamaji walimzomea kwa sababu walimtaka Norma Jean, mwimbaji aliyemtangulia, akavumilia, akashinda. "Coat of Many Colors", wimbo wa koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya nguo kuukuu, aliuandika ndani ya basi la ziara, nyuma ya risiti ya dobi aliyesafisha suti za Porter, maana karatasi nyingine haikuwepo. Mwaka 1973 ikaja "Jolene", akiwa na taswira ya karani wa benki mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akimchangamkia mume wake, na jina akaliazima kwa mtoto aliyemwomba saini. Kufikia hapo Dolly alitaka kuondoka na Porter hakutaka kumwachia. Waligombana sana. Badala ya kumjibu tena, akaenda nyumbani akatunga wimbo wa kuaga, kesho yake akaingia ofisini kwa Porter akamwimbia. Porter akalia. Akamwambia huo ndio wimbo bora aliowahi kuutunga, na kwamba anaweza kwenda zake mradi yeye Porter ausimamie studio. Ndivyo ilivyorekodiwa "I Will Always Love You", ikashika namba moja ya kantri mwezi Juni 1974. Miaka michache baadaye Porter alimshtaki akidai fedha, na wakamalizana nje ya mahakama. Kwenye biashara hii mtu anaweza kukulilia leo na kukushtaki kesho, na yote mawili akayafanya kwa moyo wake.

Turudi mwaka 1974: Elvis akaupenda wimbo. Dolly alifurahi mno, kama ambavyo mtunzi yeyote wa wakati ule angefurahi. Halafu meneja wa Elvis, Kanali Tom Parker, akamweleza sharti: Elvis harekodi wimbo bila kupata nusu ya haki za uchapishaji wake. Akaambiwa kwamba huo ndio utaratibu. Dolly akasema samahani, siwezi. Amesimulia mara nyingi kwamba alilia usiku kucha.

Hapa tuingie ndani ya mashine, kwa sababu bila kuielewa, kisa hiki hubaki cha kusifu ujasiri tu. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodia, vitu ambavyo vingekuwepo hata kama hakuna aliyewasha maikrofoni. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku fulani, ambayo wasanii wetu huiita masta. Rekodi za Dolly za miaka ile zilikuwa za kampuni ya RCA. Utunzi ulikuwa wake. Mapato ya utunzi nayo hugawanywa mara mbili: nusu ni ya mtunzi kama mtunzi, nusu nyingine ni ya mchapishaji, yaani anayesimamia wimbo, kuusajili, kukusanya na kutoa vibali. Mtunzi mwenye kampuni yake hula nusu zote mbili. Nusu ya uchapishaji aliyoitaka Parker ilikuwa, kwa hesabu hii, robo ya kila senti ambayo wimbo ungezaa.

Nimesikia watu wakisema: robo tu, kwa jina kama Elvis? Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana ningesema hivyo hivyo. Kosa la hesabu hiyo ni kudhani robo ile ingehusu rekodi ya Elvis peke yake. Haki za uchapishaji hufuata utunzi popote uendapo. Robo ile ingekatwa kwenye rekodi ya Elvis, na ya Linda Ronstadt ya mwaka 1975, na ya kila mwimbaji atakayekuja, kwenye kila filamu na kila redio, kwa muda wote wa ulinzi wa sheria, ambao kwa wimbo wa Marekani wa miaka ile ni miaka 95. Na mmiliki mwenza si mpokea mgawo tu. Kwa sheria ya Marekani anaweza kutoa leseni ya kawaida ya wimbo bila kukuuliza, ilimradi akupe chako. Dolly aliombwa alipe bei ya karne moja kwa ajili ya kipindi kimoja cha kurekodi.

Upotoshaji wa pili ni ule wa vichwa vya habari: "Dolly amkatalia Elvis." Hakumkatalia. Asingeweza hata kama angetaka. Tangu mwaka 1909 sheria ya Marekani inasema kwamba wimbo ukishatolewa rasmi kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaweza kuurudia mradi afuate taratibu na alipe kiwango kilichowekwa kisheria. Mwaka 1974 kiwango hicho kilikuwa senti mbili kwa nakala. Elvis angeweza kuingia studio asubuhi yake, akaimba, akalipa senti mbili, na Dolly asingekuwa na la kusema. Waliogoma ni watu wa Elvis. Tangu miaka ya 1950 walikuwa wamemjengea kampuni za uchapishaji, na watunzi waliotaka sauti yake walikubali kukatwa. Otis Blackwell, aliyetunga "Don't Be Cruel", aliona jina la Elvis likiwekwa kando ya lake kama mtunzi mwenza. Nguvu ile haikutoka kwenye sheria. Ilitoka kwenye njaa ya watunzi na neno moja zito, "utaratibu".

Sasa twende mwaka 1992. Filamu ya The Bodyguard ilitaka wimbo wa mwisho, na ule uliopangwa kwanza, "What Becomes of the Brokenhearted", ukawa umekwisha kutumika kwenye filamu nyingine. Nyota wake, Kevin Costner, akapendekeza wimbo wa Dolly, na Whitney akauanza bila ala hata moja. Dolly alikuwa akiendesha gari mwenyewe redio ilipoupiga. Alipoutambua, alilazimika kuegesha pembeni kwa hofu ya kupata ajali. Wimbo ulikaa namba moja Marekani kwa wiki 14, na albamu ya filamu ile imeuza nakala zaidi ya milioni 17 nchini humo peke yake. Kiwango cha kisheria mwaka huo kilikuwa senti 6.25, nakala milioni moja ni dola 62,500, na hapo hatujagusa redio wala filamu.

Kuhusu redio kuna jambo ambalo kila ninapolieleza darasani wanafunzi huomba nirudie. Kwa sheria ya Marekani, redio za kawaida zinazorusha hewani humlipa mtunzi na mchapishaji. Mwimbaji na mwenye rekodi hawalipwi kitu. Kila mara sauti ile kubwa ya Whitney iliporuka kwenye redio ya Alabama au Ohio, malipo ya redio yalikwenda kwa mwanamke aliyeandika maneno. Sisemi hili ni haki; naamini waimbaji wanastahili kulipwa, na nchi nyingi huwalipa. Nasema ndivyo ilivyo, na ndiyo maana wanaodhani Whitney "alimpora" Dolly wimbo wamegeuza mambo juu chini. Hakuna mtu aliyempa Dolly Parton hela nyingi kwa sauti yake kuliko Whitney Houston. Dolly ameeleza kwamba sehemu ya mapato hayo alinunulia majengo ya ofisi katika mtaa wa watu weusi mjini Nashville, kwa heshima ya Whitney.

Umiliki humpa mtu neno pia, mbali na fedha. Ile ruhusa ya kisheria ya kurudia wimbo wa mwingine, yaani leseni ya lazima, hairuhusu kubadili moyo wa wimbo. Beyoncé alipotaka kuigeuza "Jolene" kwenye albamu ya Cowboy Carter ya mwaka 2024, yule mwanamke anayesihi akawa mwanamke anayeonya, na mageuzi ya namna hiyo yanahitaji ridhaa ya mwenye utunzi. Dolly alibariki. Jambo muhimu kwangu ni kwamba alikuwa yeye wa kubariki, miaka 50 baadaye, wala si mrithi wa kampuni fulani.

Yapo pia mazungumzo yasiyokwisha kuhusu kifua, kucha na wigi, kana kwamba hivyo ndivyo vilivyomfikisha. Nitayajibu kwa kucha. Mwaka 1980, akisubiri zamu yake kwenye upigaji wa filamu ya 9 to 5, aligundua kwamba kucha zake za akriliki zikisuguana zinatoa mlio kama taipureta. Akatunga wimbo mzima juu ya mdundo huo, na ukisikiliza kwa makini rekodi iliyotoka, kucha zenyewe zimo kama ala. Wimbo ulishika namba moja kwenye chati ya kantri na chati kuu ya Marekani. Mtu anayeona mdundo kwenye kucha zake ni mtunzi kuanzia utosini hadi unyayoni.

Fedha za utunzi zilimpa nafasi ya kuchagua. Mwaka 1986 aliingia ubia katika bustani ya burudani iliyopo Pigeon Forge, wilaya yake ya kuzaliwa, ikaitwa Dollywood, na majirani zake wakapata ajira. Mwaka 1995, akimfikiria baba yake asiyejua kusoma (mzee alikuwa bado hai wakati huo na aliuona mwanzo wake), alianzisha mpango wa kumpelekea mtoto kitabu kimoja bure kila mwezi tangu kuzaliwa hadi aanze shule. Ulianzia Sevier, leo umekwisha kutoa vitabu zaidi ya milioni 200 katika nchi tano. Mwaka 2020 alitoa dola milioni moja kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt uliosaidia chanjo ya Moderna. Sizitaji hizi kumpamba. Nazitaja kwa sababu fedha zilizobaki kwa mtunzi zilirudi kijijini kwake.

Upande wetu wa hesabu hii unauma. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939 na haki zake zikaenda kwa kampuni kwa shilingi kumi. Wimbo ukawa "The Lion Sleeps Tonight", ukazunguka dunia, yeye akafa maskini mwaka 1962, na familia ikapata suluhu mwaka 2006. "Malaika" imeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, na mpaka leo hakuna jibu linalokubaliwa na wote kama aliyeutunga ni Fadhili William aliyeurekodi Kenya au Adam Salim, mzaliwa wa Tanzania, aliyedai kuutunga tangu mwaka 1945. Wimbo unaotambulisha Afrika Mashariki kuliko mwingine wowote hauna karatasi moja ya siku ya kwanza inayomaliza ubishi.

Karatasi hiyo bado haipo kwenye studio zetu nyingi. Mwaka jana niliketi mgahawani Kariakoo na kijana mmoja ambaye wimbo wake ulikuwa ukipigwa kwenye kila bodaboda mjini. Alinionyesha mkataba wake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka: kurasa 11 za Kiingereza, na ukurasa wa nne kifungu kinachokabidhi haki zote, dunia nzima, milele. Nikamuuliza kama alisoma pale. "Kaka, waliniambia huu ndio utaratibu, kila msanii anasaini hivi." Neno lilelile la mwaka 1974. Tofauti ni kwamba Dolly alipolisikia alikuwa na kampuni yake, nyimbo zilizokwisha kufika namba moja, na mapato ya utunzi wa miaka minane. Kijana wangu alikuwa anadaiwa kodi ya miezi miwili. Ndiyo maana siungi mkono wanaowahubiria wasanii "wawe na msimamo" na kuishia hapo. Msimamo huhitaji kitu cha kusimamia.

Kitu hicho kinaweza kuanza leo, bila kusubiri serikali. Kabla watu hawajatoka studio, iandikwe karatasi moja ya mgawo: nani ametunga maneno, nani melodia, prodyuza ana asilimia ngapi za utunzi, kila mtu asaini. Dakika kumi zinatosha. Kisha wimbo usajiliwe kwenye ofisi ya hakimiliki na chama cha kukusanya mirabaha, kwa jina la mtunzi na si la meneja. Kwenye mkataba, utunzi na rekodi visiwekwe kifungu kimoja. Mwenye studio aliyetoa fedha za kurekodi anaweza kudai rekodi kwa haki kabisa. Hilo halimpi utunzi. Na neno "milele" lifutwe, iwekwe idadi ya miaka.

La serikali ni hili. Sheria za Tanzania na Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, ulinzi mzuri ambao kwa aliyekwisha kusaini haki zote unamlinda mnunuzi wake. Marekani, ambayo si nchi ya huruma kwenye biashara, inamruhusu mtunzi aliyekabidhi haki zake tangu mwaka 1978 kuzidai tena baada ya miaka 35, hata kama mkataba unasema vinginevyo. Wabunge wetu waiweke haki kama hiyo, na kwa muda mfupi zaidi. Kwangu miaka 15 inatosha. Waongeze sharti kwamba mkataba wa muziki usio na nakala ya Kiswahili hauna nguvu dhidi ya msanii. Wenye kampuni watasema hilo litafukuza wawekezaji. Nashville ina kampuni nyingi kuliko sisi na imeishi na sheria yake ya kurudisha haki.

Wewe msomaji uliyewahi kutunga wimbo ukarekodiwa, au mwenye mtoto aliyetunga, fanya jambo moja wiki hii. Tafuta mkataba, uusome mpaka kifungu cha haki, uangalie kama utunzi umetajwa na kwa muda gani. Ukikuta hakuna mkataba, andikeni karatasi ya mgawo sasa, mkiwa bado marafiki.